Muzee akigongwa kichwa: nani anachunga usiku?

Katika mitaa yetu kuna maneno yenye tunasikia kila mara: «Papa alianguka kidogo tu, iko muzuri.» Ameanguka toka ku pikipiki, ameteleza mu bafu, ao jiwe limemukuta kichwani mu shimo. Anaamuka, anajipanguza vumbi, anakunywa maji, anaenda kulala. Kesho yake anakula na kucheka. Kiisha juma mbili ao tatu, anaanza kusahau majina ya watoto, mguu mmoja unakokota, na jamaa wanasema: «Ni uzee.»

Mara nyingine si uzee. Ni damu yenye inajikusanya polepole chini ya mufupa wa kichwa.

Fuvu ni sanduku gumu, halipanuke. Ndani yake kuna vitu vitatu: ubongo, damu, na maji yenye kuzunguka ubongo. Kimoja kikiongezeka, vingine vinapaswa kutoa nafasi. Nafasi ikiisha, presha inapanda, na damu mupya haifike tena vizuri kwenye ubongo. Si tansio ile ya kupima ku mukono: hii ni presha ya ndani ya kichwa yenyewe.

Kwa muzee mambo ni ya kudanganya zaidi. Ubongo wake umepunguka kidogo kwa miaka, basi mu sanduku kuna nafasi. Mishipa midogo yenye kuvuka nafasi hiyo imevutika, inakatika upesi. Damu inatoka, inapata mahali pa kujificha, na presha haipande mbio. Ndiyo sababu anaongea vizuri siku ya kwanza. Mwenye kunywa dawa ya kuzuia damu isigande, hatari yake ni kubwa zaidi.

Katika hospitali kubwa za dunia, mutu akiwa mu koma, waganga wanatoboa tundu ndogo mu fuvu na kuingiza waya mwembamba wa kupima presha hiyo. Kwa mukubwa mwenye kulala, kawaida ni kama 7 mpaka 15, katika milimeta za zebaki. Maagizo ya waganga wa Marekani ya mwaka 2016 yanasema: ikipita 22, lazima kuishusha. Wanainua kichwa cha kitanda, wanatoa dawa ya kuvuta maji, wanapunguza maji ya ubongo, ao wanapasua.

Basi, je, tulie kwa sababu waya ule hauko karibu na sisi? Mwaka 2012 ulitoka uchunguzi uliofanywa mu Bolivia na Ecuador, kwa wagonjwa 324 wenye kuumia vikali kichwani. Kundi moja walitunzwa kwa kufuata namba za waya. Kundi lingine walifuatwa kwa skaneri na kwa kuchunguzwa mara kwa mara na waganga. Mwishoni, kundi la waya halikupata faida yenye kuonekana wazi.

Tusisome hesabu hiyo vibaya. Haisemi kwamba waya ni bure. Makundi yote mawili walikuwa mu vyumba vya wagonjwa mahututi, na skaneri, na watu wenye kuwachunga mchana na usiku. Tena, wengi wao walikuwa vijana. Kwa wazee, waganga wangali wanabishana: namba inaweza kuwa ya chini hali damu imejaa, na kutoboa kunaweza kuleta damu ao maambukizo. Namba muzuri peke yake haitoshe.

Hapo ndipo siasa ya afya inatugusa mu Haut-Katanga na Lualaba. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines walitoka ku kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Wale wenye kuwa hai leo ni wazee. Mwenye kazi ya mukataba, sheria inamupa muajiri mzigo wa kumutunza, na ajali ya kazini inapaswa kutangazwa ku CNSS. Lakini muzee wa nyumbani na muchimbaji wa mukono wanategemea mufuko wa watoto.

Kwa hiyo, viongozi na makampuni wakituuliza tunataka nini, tusianze na mashine ya bei kali. Tuanze na skaneri yenye bei kujulikana mbele, ambulansi yenye kufika, muuguzi mwenye kuamusha mugonjwa kila saa, na munganga wa kupasua mwenye kupatikana usiku. Waya utakuja juu ya msingi huo. Na mutu asiachwe mulangoni kwa sababu ya miaka yake tu. Waulize kwanza: mbele ya kuanguka alikuwa namna gani? Alikuwa analima? Alikuwa anatembea mwenyewe? Damu ya polepole, ikitolewa kwa wakati, wengi wanasimama tena.

Kwetu nyumbani, kazi ni hii. Kanuni yenye waganga wa Kanada wanafuata inasema: mwenye miaka 65 ao zaidi, akipoteza fahamu ao akisahau namna alianguka, inafaa skaneri, hata kama sasa anaongea muzuri. Musimupe aspirini. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akilala sana, akishikwa na degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, ao mukono ukilegea, musingoje asubuhi.

Na muandike tarehe ya kuanguka mu kitabu cha nyumba. Juma tatu zikipita, munganga atauliza, na watu wote watakuwa wamesahau. Tarehe ile ndiyo inaweza kumufanya munganga atafute damu, asiseme uzee.