Liste ya kungojea ibandikwe!

Wandugu vijana wa Kapalata,

Mutoto anamaliza darasa la sita, anafaulu ENAFEP, mtihani wa taifa. Lakini kwa masomo ya secondaire yenye jina, anaanza tena upya: testi ya masomo yenyewe, inasahihishwa ndani ya ofisi. Kisha jibu kwa mzazi: nafasi zimejaa, mutoto wenu iko kwenye liste ya kungojea.

Sawa. Ni wa ngapi? Alipata pointi ngapi? Nyuma ya nani? Hapo hakuna jibu.

Liste isiyoonekana njo mlango wa kuuzisha kiti. Mwenye ndugu ofisini anapita, mwenye franga anapita, mutoto wa mama anayeuzisha sombe anangojea mpaka Desemba.

Hatukatae testi. Kama viti ni vichache, lazima kuchagua. Tunakataa kuchagua gizani. Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza ubaguzi katika elimu, hata sababu ya hali ya maisha. Bourse Excellentia inasaidia washindi wa Exetat, na ni vizuri. Lakini mutoto aliyefungiwa mlango na miaka 12 atafika kule namna gani?

Tunadai vitu vitatu:
1. Pointi za wote zibandikwe kwa valve.
2. Liste ya kungojea iwe na namba.
3. Kiti kikibaki wazi, aingie anayefuata.

Bazazi, muulize namba mbele ya kutoa hata franga moja. Vijana, tuwasindikize.