Mzazi Asikomee Mlangoni

Ukipanda kutoka Salama, kwenye barabara kuu iendayo Mombasa, kuelekea Nunguni, utaiona milima ya Kilungu imekatwa ngazi ngazi. Matuta hayo yalichimbwa kwa mikono ya watu, wengi wao akina mama, wakifanya kazi kwa zamu katika vikundi viitwavyo mwethya: leo shamba lako, kesho langu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 na wito wa Harambee ukatolewa, mikono iyo hiyo ilibeba mawe, mchanga na maji, shule zikasimama.

Sifa hiyo ya Wakamba hatuna budi kuikubali. Lakini liko jambo la kujiuliza. Mzazi yule aliyebeba mawe, darasa lilipokwisha kujengwa alikomea mlangoni. Alijiona kazi yake ni ujenzi na ada. Mengine ni ya mwalimu. Sisi wa pwani nasi tumekuwa vivyo hivyo: mtoto tunampeleka chuoni, ada ya Alhamisi tunaitoa, basi.

Sasa mtaala wa umilisi, ulioanza kufundishwa nchini kote mwaka 2019 katika chekechea na madarasa ya chini, unamtaka mzazi ashiriki katika masomo ya mwanawe. Manung'uniko yalikuwa mengi. Wazazi walisema kazi za watoto zimegeuzwa zao. Leo watafute maboksi, kesho wachapishe picha kwa pesa wasizokuwa nazo. Walikuwa na haki ya kulalamika. Kununua vitu siko kushiriki. Huko ni kulipa ada kwa jina jingine.

Basi kushiriki ni nini? Chukua darasa la watoto wa miaka minne au mitano huko Kilungu. Siasa ya elimu yasema watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo, nayo huko ni Kikamba. Bibi wa kijijini akija saa moja kwa juma, akawatolea watoto hadithi, akahesabu nao maharagwe, akawaonyesha kiondo kinavyosukwa na rangi zinavyopokezana, yeye mwenyewe ni kitabu. Wala hahitaji cheti. Anahitaji kukaribishwa, na mwalimu awepo.

Mtu asidhani haya ni mageni kwetu. Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alikuwa mstari wa mbele katika kuanzisha chekechea za madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Dini ilisomeshwa pamoja na hesabu na michezo. Waliofunzwa ualimu walikuwa akina mama wa mitaa iyo hiyo, na vifaa vilitengenezwa kwa vifuu vya nazi, vifuniko vya chupa na makombe ya pwani. Mpango huo baadaye ulivuka ukafika Zanzibar na Uganda.

Hata hivyo, tuwe macho. Mzazi wa kujitolea si mwalimu wa bure. Chekechea za umma ziko chini ya serikali za kaunti tangu mwaka 2013, na kaunti isije ikaona mama anaimba na watoto ikasahau kuajiri na kulipa mishahara. Wala mzigo usiwe wa akina mama peke yao. Baba anayejua kuchonga, kuvua au kushona naye ana la kuonyesha. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga, akina baba hawakutolewa.

Na anayeingia darasani asiende kwa ajili ya mwanawe tu. Watu wa mwethya walilijua hilo zamani. Mlimani, tuta la jirani aliye juu likibomoka, maji yatateremka shambani mwako.