Fedha ya Kuzikana na Vigae vya Msikiti

Msimu wa kahawa unapokwisha hapa Mbinga, swali lile lile huletwa mbele ya kamati: mfuko wa kuzikana una fedha, msikiti hauna vigae, kwa nini ya huku isitumike kule? Safari hii limeulizwa kwa ukali, na wanachama wataamua baada ya Swala ya Ijumaa ijayo. Ni haki yao kujua tunavyoona sisi tuliokabidhiwa daftari.

Mapato yetu hayaendi sawasawa. Mkulima hutoa mchango akishalipwa kahawa yake. Ndugu zetu wa Mbamba Bay na Liuli hutegemea dagaa, na ziwa likichafuka kwa upepo wa kusini mitumbwi hukaa nchi kavu. Mauti hayangoji msimu. Jamaa akifia hospitali Songea mwezi wa Machi, sanda na gari hutakiwa siku ile ile, na Machi ni mwezi ambao karibu hakuna anayelipa. Kwa hiyo tunautazama mwaka uliokuwa na misiba mingi kuliko yote katika daftari, tunaihesabu kwa gharama za leo, kisha tunatenga kinachotosha hadi malipo ya kahawa yaanze tena. Kinachozidi hapo kijadiliwe. Kilicho chini ya hapo hakikopeshwi mtu, hata akiwa katibu.

Wapo wanaosema akiba ni upungufu wa tawakkul. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alihifadhi nafaka ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa, na imepokewa katika Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) aliwawekea ahli zake chakula cha mwaka.

Jambo zito zaidi ni kuchanganya. Zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, na vigae havimo; wala haifai ilale sandukuni huku mafukara wapo. Mjane anayetoa elfu moja kila mwezi ili azikwe kwa heshima hakutoa kwa ajili ya sakafu. Sadaka ya Ijumaa ndiyo yenye nafasi. Ndiyo maana daftari lina safu tatu, na ufunguo wa sanduku hauko kwa anayeandika.

Maoni yetu: vigae vifunguliwe mchango wake. Hesabu za safu zote tatu zitabandikwa mlangoni mwa msikiti Alhamisi, baada ya Alasiri. Asiyesoma atasomewa, na akina mama watapelekewa nakala yao.