Bei ya Kisima Si Siri ya Jeshi

Bei ya kisima kilichochimbwa kwa kodi si siri ya jeshi. Si siri gharama ya darasa la chekechea, wala jina la mwanakandarasi aliyemwaga kifusi barabarani akatoweka na mvua ya kwanza. Lakini mkazi wa wadi yetu ya Kakuyuni, kaunti ya Kilifi, akithubutu kuuliza mambo haya kwenye ofisi ya umma, yeye ndiye anayegeuka mshukiwa. "Wewe ni nani? Umetumwa na nani? Ama unataka kugombea?"

Swali hilo ni ufedhuli, na sheria ilishalizima. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba haki hiyo haitegemei sababu za muombaji, wala yale ambayo afisa anadhani ndiyo sababu zake. Hata kama nataka kugombea, nipe karatasi!

Sheria hiyohiyo imetaja yanayoweza kuzuiwa: usalama wa taifa, faragha ya mtu, siri za biashara na mengine machache. Kisima hakimo. Kinyume chake, inaiamuru ofisi ya umma, ikishatia sahihi mkataba, itangaze bila kuombwa: kazi ni ipi, ni ya pesa ngapi, amepewa nani na itakamilika lini. Ni mambo manne tu, yanaenea kwenye karatasi moja. Anayeshindwa kubandika karatasi moja ukutani hajashindwa na kazi, ana anachokificha.

Mwenye shamba la minazi hamlipi mkwezi kabla nazi hazijahesabiwa chini. Mkwezi akimwambia, "Wewe nenda nyumbani, hesabu nitakuletea," hapandi tena mnazi wa shamba lile. Sisi tumewaachia wakwezi shamba zima, kisha tunawapigia makofi wakitugawia dafu mbili kwenye mkutano wa hadhara.

Na mikutano yenyewe tunaijua. Eti ni ya kuushirikisha umma kwenye bajeti. Tangazo linaletwa na mtu wa bodaboda, jana yake jioni. Kitabu cha bajeti kiko kimoja, kwa Kiingereza, kwapani mwa afisa. Kinachozungushwa kwa bidii ni karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Mama aliyefuata nauli na soda anatia kidole gumba, na kesho yake kidole hicho ndicho ushahidi kwamba wananchi walisoma bajeti, wakaielewa, wakaikubali. Utashirikije katika jambo ulilofichwa?

Watatuambia kila kitu kiko kwenye tovuti. Sheria inasema tovuti au njia nyingine ifaayo, na kwa bibi asiye na simu ya intaneti njia ifaayo ni ukuta wa ofisi ya chifu, wa zahanati na wa soko, kwa Kiswahili anachokisoma mjukuu wake. Watasema pia, "Muulizeni mwakilishi wenu wa wadi." Mwakilishi tumemtuma kwenye bunge la kaunti, Malindi, akaikague serikali. Hatukumpa ufunguo wa kabati ya stakabadhi. Leo anaivana na gavana, kesho wamekosana. Haki yangu haipandi na kushuka na siasa zake.

Wanaodhani kudai karatasi ni kazi bure waitazame Mombasa. Serikali kuu ilikataa kuonyesha mikataba ya reli ya SGR ikijitetea kwa vifungu vya usiri. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 2022 ikaamuliwa kwamba kuwanyima habari hizo ni kuvunja Katiba. Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaanika sehemu ya mikataba hiyo. Ikiwa mikataba ya mkopo wa mabilioni uliotoka Uchina kujenga reli hiyo ilitoka kabatini, mfereji wa kijijini una utukufu gani?

Kwa hiyo tuache kunung'unika mangweni, tuandike. Barua inakubaliwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa analazimika kumsaidia. Kuomba ni bure. Ada ni ya kutoa nakala tu. Ofisi ikisema habari hizo ziko kwingine, inatakiwa ilihamishe ombi lako kabla ya siku 5 kwisha, isikuzungushe Malindi na Kilifi kwa nauli yako. Jibu ni ndani ya siku 21, na likihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ofisi ikinyamaza, sheria inahesabu kwamba imekataa, nawe una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina tawi Mombasa. Afisa anayekaidi kujibu anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi 3, au vyote viwili.

Nanyi wa kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 iliwaagiza muteue ofisi ya kuwapa wananchi habari. Ileteni hadi wadini. Kila mradi wa Kakuyuni uwe na karatasi yake ukutani kabla ya sururu ya kwanza kugusa ardhi. Mkishindwa, tutawaletea barua, na si moja ya kupotelea kwenye droo. Kila kijiji kitaandika yake, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwetu. Siku 21 zinaanza kuhesabiwa pale muhuri unapogongwa.