Biashara ya kunoa ubongo

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa kwa njia ya simu za mkononi ni programu za michezo inayodaiwa kunoa ubongo. Mchezaji hukumbuka picha, hulinganisha maumbo na kukokotoa hesabu kwa haraka, dakika chache kila siku, naye huahidiwa kuwa akili na kumbukumbu yake vitaongezeka. Sisi tunaona kuwa ahadi hiyo imeuzidi ushahidi wake kwa mbali, na kwamba kinachouzwa hasa ni hofu ya watu juu ya uzee.

Mwezi Januari 2016, kampuni ya Lumos Labs, yenye programu iitwayo Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashitaka ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani. Wateja walikuwa wakitozwa kuanzia dola 14.95 kwa mwezi hadi dola 299.95 kwa uanachama wa maisha, huku wakiambiwa kuwa michezo hiyo huwafaa shuleni na kazini, na huchelewesha kudhoofika kwa kumbukumbu. Tume ilisema kampuni haikuwa na ushahidi wa kisayansi wa kuyabeba madai hayo.

Hapana anayekataa kuwa mazoezi yana tija. Lakini tija katika jambo gani? Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walieleza habari za mwanafunzi aliyeweza kukariri tarakimu 7 tu baada ya kusomewa mara moja. Alijizoeza kwa zaidi ya saa 230, akafika tarakimu 79. Alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye herufi 6 hivi! Alikuwa mkimbiaji, na siri yake ilikuwa kuzipanga tarakimu kama muda wa mbio. Kumbukumbu yenyewe ilibaki ilivyokuwa. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake nchini Uingereza walichapisha matokeo ya watu 11,430 waliocheza kwa wiki sita: walizidi kuwa hodari katika michezo yao, wala uhodari huo haukuhamia kwingine.

Insafu inatutaka tuongeze kuwa utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ACTIVE, uliohusu wazee 2,832, ulikuta baadhi ya stadi walizofundishwa zimedumu hata baada ya miaka 10. Hayo yalikuwa mafunzo yenye wasimamizi, na haifai kila muuza michezo ajifunike kwayo.

Khofu yetu kubwa ni kwa kijana anayemwona baba yake akianza kusahau, akamwekea mchezo kwenye simu na kuona amemaliza wajibu. Kusahau huweza kuletwa na upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, au dawa anazotumia mzee. Na hayo daktari huweza kuyapima na kuyatibu. Wakati mwingine mzee anayeuliza swali lile lile mara tatu hakusahau jibu. Hakulisikia, na aliyepaswa kupimwa ni masikio yake.