Msituambie Tunaelewa

Watu watatu wameniambia nisiandike haya. Wa kwanza alisema ni aibu: watu wanalala njaa, na wewe unalia ati weita amechelewesha chai. Wa pili alisema mtu aliyelelewa Kakuma hana shughuli katika hoteli ya Wachina, na akienda akapuuzwa, amejitakia. Wa tatu alicheka tu. Naandika kwa sababu yao wote, na zaidi kwa sababu ya huyo aliyecheka.

Ilikuwa Jumamosi, hapa Juba. Mdogo wetu amemaliza uuguzi, na binamu yangu akasema safari hii hatuendi kula ful na kisra Konyo Konyo kama kila siku, twende tukale dimsamu. Binamu alifanya biashara ya nguo Guangzhou miaka kadhaa, na kwa chakula hicho ana wazimu kidogo. Ni vitafunio vya watu wa kusini mwa China, huliwa asubuhi mpaka mchana: kamba waliofungwa ndani ya unga mwembamba, nyama ya nguruwe, maandazi meupe ya mvuke, vyote vinakuja kwenye vikapu vidogo vya mianzi, vipande vitatu vinne kila kimoja. Jina lenyewe maana yake ni kugusa moyo. Na wenyewe hawasemi twende tukale, wanasema twende tukanywe chai, kwa hiyo pale chai ndiyo mambo yote. Birika likiisha huiti mtu. Unaacha kifuniko wazi, na mhudumu akipita anajaza. Akikumiminia, unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yako. Binamu alitufundisha haya yote garini, na shangazi akajizoeza kugonga kwenye mkoba wake.

Tulifika saa tano na nusu. Mlangoni tulikaribishwa vizuri, siwezi kusema uongo. Tukapewa meza kando ya mlango wa jikoni. Kushoto walikaa Wachina sita, nadhani ni wa ujenzi, maana viatu vyao vilikuwa na saruji. Kulia wakaja hawaja watatu wenye vitambulisho shingoni. Hao hawaja walikuja nyuma yetu na wakaagiza nyuma yetu.

Vikapu vikaanza kutoka jikoni. Kwa kuwa tulikaa mlangoni, kila kikapu kilipita juu ya kichwa cha shangazi kikiwa bado kinatoa mvuke. Nilihesabu tisa. Birika letu likaisha, binamu akaacha kifuniko wazi, akatukonyeza kama mtu anayejua siri. Kikabaki wazi dakika arobaini. Hawaja waliongezewa chai mara mbili bila hata kugusa kifuniko. Ndipo shangazi, aliyeanza kupanga foleni ya resheni Kakuma tangu kambi ifunguliwe mwaka 1992, akatazama huku na huku akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani sisi hatukupewa namba?"

Chakula kiliniharibikia hapo, kabla hakijafika. Na kilipofika, maandazi yalikuwa yamepoa, unga umekauka juu kama ngozi ya kidonda. Kamba hawakuja kabisa. Bili ndiyo iliyokuja mbio, tena kwa dola: 72, na ndani yake asilimia kumi ya huduma.

Sasa najua mnangoja niseme Wachina. Ni rahisi, na ushahidi wa kuokota upo. Nairobi, Machi 2015, mkahawa mmoja wa Kichina pale Kilimani ulifungwa baada ya kujulikana kwamba Waafrika walikuwa wanazuiwa kuingia ikishafika saa kumi na moja jioni. Guangzhou, Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika walitolewa kwenye nyumba na hoteli wakalala barabarani, na binamu yangu alikuwa mmoja wao, na kodi alikuwa ameshalipa. Muulizeni mbona bado anapenda dimsamu, atawaambia unga haukumfukuza. Lakini pia, Julai 2016, risasi ziliporudi mjini hapa, walinda amani wawili wa Kichina waliuawa hapa Juba, karibu na kambi ya raia waliokimbilia kwa Umoja wa Mataifa. Mimi siwezi kuwaweka Wachina wote ndani ya kikapu kimoja. Na siku ile mwenye hoteli hata hakuwepo ukumbini. Aliyetuweka mwisho ni mwenzetu.

Nilimfuata yule dada kando ya kaunta. Nikamsalimu Kiswahili, akafurahi kweli, akasema yeye ni wa Kitale. Nikamwambia, basi dada, Kitale tulikuwa tunapita tukienda Kakuma, mbona unatufanyia hivi? Hakukataa. Alisema, "Wale hawaja wakikasirika wanaita meneja. Wachina wanamwita bosi mwenyewe kwa simu. Nyinyi ni watu wetu, mnaelewa."

Mnaelewa. Neno hilo nalijua tangu nikiwa mtoto. Desemba 2016 mgao ulipokatwa nusu, tuliambiwa tuelewe, wafadhili wamechoka. Shule ikikosa walimu, tuelewe. Mahojiano ya kwenda Marekani yakiahirishwa mwaka wa nne, jamani eleweni. Kila mahali penye upungufu, kuna mtu anaangalia mstari na kujiuliza ni nani hapa ataelewa, na huyo ndiye anayekatwa. Uvumilivu wetu umekuwa kama duka la mkopo lisilo na daftari, kila mtu anachukua.

Mbaya zaidi ni kwamba yule dada alitupa huduma mbovu kwa undugu. Kama angetuchukia, ningejua la kufanya. Alitupenda, akatutambua kwa lugha yetu, akaona hawa ndio wa kuegemea. Kule kwao mimi nilikuwa mgeni, nikibeba karatasi ya kuonyesha polisi kila kizuizi. Hapa ni kwangu, mgeni ni yeye. Na bado, kwake na kwangu, wa mwisho ni sisi!

Hofu yake naikubali. Septemba 2014 serikali yetu iliagiza mashirika, mabenki na mahoteli yafukuze wageni wote kazini katika mwezi mmoja, halafu ikarudi nyuma baada ya kelele. Anayefanya kazi Juba na pasipoti ya Kenya anajua agizo kama hilo linaweza kurudi Jumatatu yoyote. Sawa. Lakini hofu yake isilipiwe na shangazi yangu.

Na nyinyi mnaosema tuandike mambo makubwa tu, vita, njaa, mipaka: mnatufungia kwenye kambi nyingine. Ati mkimbizi aruhusiwe kulia akiwa anakufa, lakini akilipa pesa yake akaletewa maandazi baridi, anyamaze ashukuru ameingia. Mtu anayeweza kulalamikia mauaji peke yake bado hajarudi nyumbani. Mimi nataka shangazi yangu afike mahali pa kugomba kwa sababu ya chai. Wale hawaja wanagomba kwa sababu ya chai na hakuna anayewaambia Yemen kuna njaa.

Tulifanyaje? Nilisema kamba waondolewe kwenye bili, wakaondolewa. Kuhusu ile asilimia kumi tuligombana wenyewe kwa wenyewe. Binamu akasema halipi hata senti. Yule dada akaja akanong'ona kwamba isipolipwa wanakatwa wao, yeye na wa jikoni. Mdogo wetu akatazama chini. Shangazi akasema lipeni, hakutaka kusikia zaidi. Nikalipa, na bado sijui kama nilifanya vizuri. Ndiyo kuelewa kule kule ninakokutukana, nimekufanya mwenyewe, tena kwa dola.

Ila sikuinuka. Niliwaambia tukae, nikafungua tena kifuniko cha birika. Tukakaa. Wachina wakaondoka, hawaja wakaondoka, meza zikafutwa. Meneja akaja kuuliza kama kuna shida, nikamwambia hakuna, tunangoja chai. Ililetwa saa nane kasoro dakika kumi, ya moto. Shangazi akasahau kugonga meza.