Kipindi cha PE si cha kulipia deni la hesabu

Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, PE iko. Uwanjani haiko. Kama umesoma huku Kilifi labda unaijua hiyo stori: mwalimu wa hesabu anaingia na chaki, ati "tumalizie akisami", na mpira unabaki umefungiwa kabatini ofisini. Shuleni kwetu hapa Tezo ilikuwa hivyo muhula baada ya muhula.

Zamani kisingizio kilikuwa KCPE. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, lakini tabia imebaki. Halafu 2024, masomo ya sekondari msingi yalipopunguzwa, michezo ikaunganishwa na sanaa kuwa somo moja. Sasa mwalimu asiyependa jua ana pa kujificha: atawachoresha watoto picha ya mpira, basi, kipindi kimeisha.

Wanaodhani kukimbia ni kupoteza muda wa masomo, hebu wasikie hii. Kule Marekani, mtafiti Charles Hillman na wenzake walichukua watoto 221 wa miaka 7 hadi 9. Kundi moja likafanya mazoezi baada ya shule kwa miezi tisa, jingine likawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Matokeo yalichapishwa 2014. Waliofanya mazoezi waliboreka zaidi katika kushikilia jambo moja bila kuvurugwa, na katika kubadilisha fikra upesi kazi inapobadilika. Si ndiyo akili hiyo hiyo mwalimu wa hesabu anayoitafuta?

Na hatuhitaji mashine za mazoezi. Angalia kati tu, ule mchezo wetu wa kukwepa mpira. Uko katikati, mpira unatoka pande mbili, unahesabu, unasoma bega la anayerusha, unajizuia kuruka mapema. Wenzetu wa Tanzania wana rede, ambapo msichana anakwepa mpira huku anajaza mchanga kwenye chupa. Ubongo hapo haujapumzika hata kidogo.

Kuna wazee wataniambia, "We kijana, mtoto wa huku anatembea kwenda shule na kurudi, mazoezi gani tena?" Sawa, miguu inafanya kazi, na Shirika la Afya Duniani, linalotaka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kwa siku, litaihesabu hiyo safari. Lakini njia ya kila siku mtoto anaijua hata akifumba macho. Mchezo unamlazimisha kuamua, kukumbuka sheria, kungoja zamu.

Hoja ninayoikubali ni ya njaa. Mtoto aliyekuja bila hata chai ukimkimbiza saa saba mchana kwa jua la Pwani, unamtesa. Kwa hiyo PE iwekwe asubuhi, chini ya mikorosho kama uwanja hauna kivuli, na chakula cha shuleni kisiwe cha kuombea kila mwaka wa ukame.

Mkutano ujao wa wazazi, kama unamwakilisha mdogo wako, usikae nyuma na simu. Omba ratiba ya darasa lake, uliza wiki iliyopita walicheza siku gani, na kabati la mipira linafunguliwa na nani.